Zamu ya Bi Mize

Barua ilikuja Jumanne, umeme umekatika,
nikaisoma kwa simu yenye asilimia nne:
Hongera, Salha. Umepata ruzuku ya safari
kwa watafiti wachanga.

Mama akacheka mpaka akakaa kizingitini.
"Una miaka thelathini na moja, una mtoto darasa la pili,
nao wakwita mchanga?"
Mchanga wa kazi, mama, si wa umri.
"Mchanga," akasema, "ni huo ulio viatuni mwako. Kakung'ute nje."

Kazi yenyewe ni konokono.
Kila Jumamosi, mie na Makame, buti za mpira hadi magotini,
mabwawa manne nyuma ya Wete,
tunachota kwa chujio la waya, tunahesabu
vigamba vidogo kama punje za choroko
vinavyobeba kichocho.
Watoto ukingoni, wengine wanaokojoa damu
na hawajamwambia mtu,
wanatuuliza: "Leo wangapi?"
Jumamosi za miaka mitatu
zikaingia katika bango moja la kuning'iniza ukutani, Lizboni.

Lakini chini ya barua, kwa herufi ndogo kama chawa:
Lipa kwanza. Tunza risiti. Utarudishiwa.

Utarudishiwa.
Kitenzi chenye adabu, kimekaa wakati ujao, miguu juu ya kiti.
Tiketi haijui wakati ujao.
Viza inataka taarifa ya benki ya miezi sita,
na akaunti yangu ni bwawa la Februari,
ukiinama unaona nyufa.

Mama hakusema kitu. Alijifunga leso, akatoka.

Upatu wao una wanawake ishirini na wanne, elfu hamsini kila mwezi.
Zamu ilikuwa ya Bi Mize, jirani yetu, mfuga bata,
aliyeingoja miaka miwili aezeke bati.
Alizileta mwenyewe, ndani ya mfuko wa sukari,
noti zina harufu ya karafuu.
"Chukua. Mvua haijaijua bado njia ya kwangu."
Kilichopungua, mama alikijaza. Sikuuliza kwa nini mikono yake
haikulia bangili tena.

Lizboni niliagiza chai, mhudumu akaonyesha kidole: *mesa*.
Nikaitazama meza kama mtu aliyekutana na jamaa ugenini.

Ukumbini mabango mia sita.
Watu wanapita wakisoma beji kifuani kabla ya uso.
Jirani yangu, kijana wa Senegali, ana bahasha imevimba risiti.
"Nawe ulilipa kwanza?"
Tukacheka kicheko ambacho hakikuhitaji mkalimani.

Kisha mama mmoja mwenye mvi akasimama.
Alisoma mpaka chini, mpaka kwenye nembo za wafadhili,
akarudi juu, akagusa mchoro:
"Bwawa la tatu. Kwa nini halina kitu?"

Nilikuwa na jibu la chumvi, na jibu la kivuli.
Yote mawili nilikwisha kuyapima, yote mawili hayakusimama.
Nikasema lililobaki:
"Pale huoga bata wa Bi Mize."

Hakucheka. Alitoa kalamu.
"Bata wangapi?"

Na mie, mwenye kuhesabu kila kigamba kwa miaka mitatu,
sikujua.

Fedha zilirudi mwezi wa tano, baada ya barua pepe tisa
na risiti ya basi iliyofifia wakaikataa.
Masika yalikwisha ijua njia.
Nilimkuta Bi Mize amepanga ndoo sebuleni,
kila moja na sauti yake.
Nikampa mfuko. Akahesabu mara mbili, kama inavyopasa.
Nikamweleza habari ya yule mwenye mvi, kwamba ameandika,
kwamba anataka idadi, umri, wanakula saa ngapi.

Bi Mize akamwaga ndoo mlangoni, akairudisha chini ya tundu lake.
"Kumi na saba," akasema.
"Na wao pia walipe kwanza?"